Wa Kumi na Mbili

Kifurushi cha Elema hufika Oktoba,
kimefungwa kwa kamba ya katani na gazeti la Machi,
kinanuka moshi, ngozi, na dizeli ya lori la mbuzi.
Nakifungua dirishani, katika jumba la mimea mikavu,
mjakaranda wa wageni ukimwaga zambarau juu ya magari,
na mvua ya Nairobi ikipotea bure mtaroni.

Kazi yangu ni gundi, uzi na subira.
Miaka kumi na tisa nashona vijitawi kwenye karatasi nene,
vijitawi vya nchi nisizozikanyaga.

Leo ni mgunga. Urefu wa kiganja,
majani madogo kama chawa wa kuku,
miiba miwili miwili, myeupe.
Mmoja umenichoma kabla sijasema karibu.
Hiyo ndiyo salamu ya kule.

Elema Sori huandika kwa penseli, herufi kubwa, hana haraka:
MGUNGA. LAGA KAVU, NYUMA YA CHUMVI.
WA TISA KATI YA KUMI NA MMOJA.
NGAMIA AMEKULA UPANDE WA KASKAZINI.
KIVULI CHATOSHA MBUZI SITA.

Fomu yetu haina mahali pa mbuzi sita.
Dakta Wanza ataka jina la Kilatini, majira ya nukta, mwinuko.
Basi mbuzi nawaandika nyuma ya karatasi,
pale ambapo gundi itawafunika.

Miti kumi na mmoja,
na kati ya mmoja na mwenziwe mwendo wa nusu siku.
Haionani. Upepo ukija, kila mmoja hutikisika peke yake.
Mzizi unashuka, unashuka,
unapapasa mchanga kama kipofu aliyeangusha shilingi,
hadi kwenye unyevu wa mvua iliyonyesha
mwaka aliozaliwa babake Elema.
Unakunywa akiba ya marehemu.

Sisi Kayole maji huja Jumanne, saa nane usiku.
Naamka na madumu manne,
natega sikio kwenye mfereji unaokohoa hewa,
na hapo gizani, leso kiunoni, najiuliza
kama wa tisa nao u macho.

Mwaka wa ule ukame aliniandikia mstari mmoja:
WA TATU. UMEKAUKA WOTE. NIMEKATAA WASIUKATE KUNI.
Mwaka uliofuata, wa tatu haukutajwa.
Uliofuata tena, akaleta jani,
jani moja, ndani ya pakiti tupu ya majani chai,
bila neno.
Dakta alisema sampuli haitoshi.
Niliishona.

Sasa nimemaliza, nakung'uta gazeti
(mchanga wake natia kwenye mkebe wa kakao,
umejaa robo tatu, sijui naumwekea nani),
ikaanguka karatasi nyingine, imekunjwa mara nne:

WA KUMI NA MBILI.
UMO KATIKATI YA KICHAKA CHA MIIBA, MBUZI HAWAFIKISHI MDOMO.
NIMEPITA HAPO MIAKA SABA SIKUUONA.
NI MFUPI KULIKO KIATU CHANGU.
SIKUKATA KITU. SAMAHANI.

Nikatoa karatasi nene, safi.
Nikabandika lebo pembeni, nikaandika tarehe,
jina la laga, jina la aliyeuona.
Mahali pa tawi pakabaki peupe.

Dakta Wanza alikuwa amesimama nyuma yangu,
miwani kwenye paji la uso, kikombe mkononi.
"Na hii?"
Nikamwambia huo ni mgunga.
Akatazama peupe pale kwa muda,
kama mtu anayesoma mwandiko mdogo mno.
Akaweka kikombe chini,
akaichukua kwa mikono miwili,
akaenda nayo kabatini, polepole,
asije akaumwaga.

Mwiba bado umo kidoleni.
Leo Jumatatu. Madumu yako mlangoni.